Jina la Kazi na Mashahidi Wake: Tabibu wa Mifugo Huko Merti

Makala haya yanachunguza namna kazi inavyopanda daraja na kuwa taaluma, na namna daraja hilo linavyougusa utambulisho wa anayeifanya. Mfano wetu ni tabibu wa mifugo huko Merti, Isiolo, katika nchi ya Waborana iliyo kando ya mto Ewaso Nyiro. Hoja yetu ni kwamba taaluma ina mashahidi wawili, jamii na sheria, na kwamba aghalabu ushahidi wao haulingani.

Kwa Waborana, cheo cha kazi hutajwa kwa lugha ya ukoo. Msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo huitwa abba herega, yaani baba wa zamu. Mambo ya malisho huamuliwa na wazee wa dedha. Mtu hulipata jina hilo kwa kuaminiwa, nalo huwa sehemu ya nafsi yake. Kiswahili, lugha ya ofisi, kimefuata njia nyingine. Neno mtaalamu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni mwenye kujifunza. Leo lamtaja aliyekwisha kuhitimu. Hivyo basi cheti kimechukua mahali pa ushahidi wa majirani.

Historia ya sheria yabainisha jambo hili. Sheria ya madaktari wa mifugo ya 1953 iliwatambua waliosajiliwa tu. Mwaka 1988 serikali ya Kenya ilikoma kumwajiri moja kwa moja kila mhitimu wa fani hiyo, na ni wachache waliokwenda kujitegemea kaskazini, ambako mifugo huhamahama na malipo ni ya shida. Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na wafugaji waliopewa mafunzo mafupi na mashirika, wakatibu mifugo ya jirani zao.

Sotoka ndiyo inayotupa kipimo cha thamani ya watu wa namna hii. Katika miaka ya 1990, huko Afar na kusini mwa Sudan, wafugaji waliofunzwa walichanja ng'ombe kwa chanjo inayostahimili joto, mahali ambapo madaktari hawakufika. Tukio la mwisho lililothibitishwa duniani lilionekana kwa nyati katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, jirani na Isiolo, mwaka 2001. Mwaka 2011 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria mpya, iliyowaingiza katika daftari wataalamu wasaidizi wenye vyeti. Mfugaji tabibu hakutajwa.

Hata hivyo, wafugaji wa Kenya humwita daktari yeyote anayewatibia mifugo, awe amesajiliwa au la. Mhakiki asiharakishe kuliona hilo kuwa kosa la msamiati. Ni hukumu ya jamii kuhusu nani anayestahili jina. Kwa upande mwingine, hofu ya sheria si ya bure, kwani dawa isiyopimwa sawasawa hudhuru mnyama na mlaji. Lakini sheria inayomnyima mtu jina bila ya kumwondolea kazi humwacha na nafsi mbili: daktari machungani, mkosaji mbele ya afisa.