Mzigo Umefika, Abiria Amefika

Katika somo la sarufi mwalimu huwafundisha wanafunzi wake kusema "mzigo umefika" na "abiria amefika". Mwanafunzi akisema "abiria umefika", wenzake humcheka, mwalimu humsahihisha, na somo huendelea. Lakini kosa hilo limewahi kutendwa na sheria za nchi, tena si kwa ulimi, bali kwa mbao na misumari. Tutazame visa viwili vya Marekani ambamo binadamu walisafirishwa wakiwa vifurushi.

Henry Brown alikuwa mtumwa mjini Richmond, katika jimbo la Virginia, akifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Mwaka 1848 mkewe na watoto wao, waliokuwa mali ya bwana mwingine, waliuzwa wakapelekwa North Carolina. Brown hakuwa na pa kushtaki, kwa kuwa mbele ya sheria ya jimbo lile yeye mwenyewe alikuwa mali. Basi akakata shauri: ikiwa yeye ni mali, na asafirishwe kama mali.

Tarehe 23 Machi 1849 aliingia katika kasha la mbao lenye urefu wa futi 3, kina cha futi 2 na inchi 8, na upana wa futi 2. Alichukua biskuti chache na maji kidogo. Rafiki zake wawili, James Smith, mtu mweusi aliyekuwa huru, na Samuel Smith, Mzungu fundi wa viatu, walimsaidia. Kasha lilipigiliwa misumari, likaandikwa kuwa lina bidhaa za dukani, kisha likakabidhiwa kwa kampuni ya uchukuzi ya Adams Express.

Safari ilikuwa ya magari ya farasi, gari la moshi na meli. Juu ya kasha paliandikwa ni upande upi ukae juu, lakini wachukuzi hawakujali. Melini liliwekwa kichwa chini, hata damu ikamjaa Brown kichwani, akadhani macho yatamtoka. Hakuthubutu kutoa sauti. Waliomwokoa ni watu wawili waliokuwa wakitafuta pa kuketi: walilipindua kasha wakalikalia, wala hawakujua kwamba wamemkalia msafiri mwenzao. Baada ya saa 27 kasha lilifika Philadelphia katika mikono ya watu waliopinga utumwa. Kifuniko kilipofunguliwa Brown alisimama, akawaamkia, akaimba zaburi ya shukrani. Mwaka huo huo Samuel Smith alijaribu kuwatuma watumwa wengine kwa njia hiyo, alikamatwa akafungwa. Na sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa watoro ilipopitishwa, Brown alivuka bahari akaenda Uingereza.

Kisa cha pili ni cha zaidi ya miaka 60 baadaye, wakati utumwa ulikwisha kufutwa. Mwezi Januari 1913 posta ya Marekani ilianzisha huduma mpya ya vifurushi, na wananchi wakaijaribu kwa kila namna. Mwaka 1916, mjini Vernal katika jimbo la Utah, matofali ya kujengea benki yaliletwa kwa posta, kwa kuwa gharama yake ilikuwa nafuu kuliko ya wachukuzi wengine. Kabla ya hapo wazazi kadha walikuwa wamekwisha kutuma watoto. Huko Ohio, mwaka 1913, mtoto mchanga alikabidhiwa mpeleka barua ampeleke kwa bibi yake. Stempu ziligharimu senti 15, na mtoto akakatiwa bima ya dola 50!

Anayekumbukwa zaidi ni msichana May Pierstorff. Tarehe 19 Februari 1914, kabla hajatimiza miaka 6, alitumwa kutoka Grangeville hadi Lewiston, jimboni Idaho. Stempu za senti 53 zilibandikwa kwenye koti lake, akapanda behewa la barua. Karani wa behewa hilo alikuwa jamaa ya mama yake, naye akamfikisha kwa bibi yake salama. Mwaka 1920 wakuu wa posta walikataa rasmi watoto wasitumwe kama vifurushi.

Wote wawili waliandikwa kuwa mizigo, lakini hali zao hazikulingana. May aliketi na jamaa yake, na kila aliyemwona alijua kuwa ni mtoto. Stempu zilikuwa hila ya kupunguza nauli tu. Brown ilimpasa awe mzigo kwelikweli, kwani kikohozi kimoja kingemrudisha utumwani.

Nasi tusidhani kwamba ngeli zetu zingetukinga. Mtumwa yumo katika ngeli ya watu. Husemwa "mtumwa amefika", haisemwi "umefika". Hata hivyo majahazi yalipakia watumwa Kilwa yakawapeleka Unguja, na soko la watumwa la huko halikufungwa hadi mwaka 1873. Ulimi ulikiri utu ambao mkono uliukana.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mwanafunzi akisema tena "abiria umefika", tumsahihishe kama kawaida. Kisha, muda ukiruhusu, tumsimulie habari za Henry Brown, aliyekaa saa 27 ndani ya kasha ili aweze kuitwa "amefika".