Programu za maabara kubwa zinapotolewa bure: tunapewa nini hasa?

Vijana wanaoshughulika na redio na kompyuta katika makanisa yetu wanatuuliza mara kwa mara kama programu fulani ya kutafsiri ao ya kuandika sauti «ni ya bure». Ndiyo ao hapana haitoshi. Tuanze na neno lenyewe.

Programu huandikwa na watu, mstari kwa mstari. Maandishi hayo huitwa chanzo. Kampuni nyingi huficha chanzo na kuuza tu chombo kilichokamilika. Tunasema programu ni ya chanzo wazi pale mwenyewe anapotoa maandishi pamoja na ruhusa iliyoandikwa, yaani leseni, inayomwacha kila mtu ayasome, ayatumie, ayabadilishe na kuyagawa kwa wengine, hata kwa biashara. Jina hilo la chanzo wazi lilianza kutumika mwaka 1998, lakini kazi ilikuwepo mbele: Richard Stallman alianzisha mradi wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds akatoa Linux mwaka 1991.

Maabara za kampuni tajiri zilifuata nyuma. Google ilifungua TensorFlow mwaka 2015. Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, ilitoa PyTorch, kisha mwaka 2022 ikaikabidhi kwa shirika lililo chini ya Linux Foundation, ili isibaki mkononi mwa kampuni moja. Wanafanya hivyo si kwa ukarimu peke yake. Chombo kikizoeleka vyuoni, wanafunzi hufika kazini wakikijua tayari. Makosa yake hurekebishwa na watu wasiolipwa na kampuni. Na wanasayansi wazuri hawapendi kufanya kazi mahali ambapo hawaruhusiwi kuonyesha walichogundua. Hatuoni aibu kupokea, lakini ni vizuri kujua.

Mfano unaotugusa sisi zaidi ni MMS, mradi wa sauti ambao Meta iliutoa mwezi wa tano 2023. Ili kufundisha kompyuta kusikia lugha, watafiti wanahitaji sauti pamoja na maandishi ya maneno yaleyale. Kwa lugha kubwa si shida. Kwa lugha za vijijini, walivikuta wapi? Katika Agano Jipya lililosomwa kwa sauti. Walikusanya usomaji wa namna hiyo katika lugha zaidi ya 1,100, kwa wastani masaa 32 kila lugha. Kwa hiyo kazi ya watafsiri na wasomaji wa Maandiko, ambayo ilifanywa ili wazee wasiojua kusoma wasikie Neno, imekuwa darasa la mashine. Wasomaji wengi katika kanda zile walikuwa wanaume. Watafiti wenyewe walilitaja jambo hilo, wakapima, na wakaandika kwamba mashine husikia sauti za wanawake karibu sawa na za wanaume.

Sasa leseni. Leseni ya MIT ni huru sana: unachotakiwa ni kuacha jina la mwenye haki na maneno ya leseni mahali pake. Lakini MMS, maandishi yake pamoja na ile akili iliyofundishwa, ambayo ndiyo inayosikia na kusema, ilitolewa kwa leseni ya CC BY-NC 4.0, inayokataza matumizi ya biashara. Basi kwa maana kamili hiyo si chanzo wazi, hata gazeti likiandika hivyo. Na hapa wengi wetu hujidanganya: leseni hiyo haiangalii wewe ni nani, inaangalia unafanya nini. Kuwa kanisa hakukupi ruhusa ya pekee. Kuandika mahubiri ya Jumapili na kuyagawa bure kwa washirika hakuna tatizo. Kuuza kanda za masomo zilizosemwa na sauti ya mashine hiyo, ao kuiweka katika matangazo yanayolipiwa redioni, ni jambo jingine.

NLLB, mradi wa tafsiri wa Meta wa mwaka 2022, una mgawanyo: maandishi ya programu ni ya leseni ya MIT, lakini akili iliyofundishwa ni ya CC BY-NC 4.0. Unabeba lugha 200, na ndani yake mna Kiswahili, Lingala, Kikongo, Tshiluba, Kinyarwanda na Kirundi. Mashi na Kinande hazimo. Toleo lake dogo lina gigabaiti kama mbili na nusu. Ukisha kulipakua mara moja linafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwetu si dogo.

Whisper ya OpenAI, iliyotolewa mwezi wa tisa 2022, iko yote chini ya leseni ya MIT, biashara ikiwemo, na inafahamu Kiswahili na Lingala. Ila kwa Kiswahili hukosea maneno mengi, zaidi sana katika matoleo madogo ambayo kompyuta zetu zinaweza kuyabeba. Msiitumie kuandika maamuzi ya kikao bila mtu kusoma tena.

Wengine wanaogopa kwamba kampuni itabadilisha mawazo na kuwanyang'anya. Leseni hizi haziondolewi kwa anayezifuata: kampuni inaweza kuacha kugawa, lakini nakala uliyokwisha kupokea inabaki na ruhusa yake. Kwa hiyo, mnapopakua programu, hifadhini pia faili ya leseni pamoja nayo, na muandike tarehe mliyoipakua.