Mtandao wa kubashiri njaa ulivyozimwa na pengo ulioacha Ukambani

MTANDAO wa FEWS NET, uliotoa tahadhari za mapema kuhusu njaa kwa takriban miaka 40, ulizimwa mwishoni mwa Januari 2025 baada ya serikali ya Marekani kusimamisha misaada yake kwa mataifa ya kigeni.

Kwa kaunti za Kitui na Makueni, hatua hiyo ilijiri wakati mbaya. Januari na Februari ndiyo miezi ambapo wataalamu hukadiria mavuno ya mvua ya vuli, inayotegemewa zaidi Ukambani kuliko ile ya masika. Vuli ya mwaka 2024 ilikuwa haba katika maeneo mengi ya mashariki mwa Kenya.

Huduma hiyo iliasisiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, mnamo 1985 kufuatia baa la njaa lililoangamiza watu wengi Ethiopia na Sudan. Ukame wa kipindi hicho uliathiri Ukambani pia. Wakamba waliipa njaa ya 1984 jina Nikw'a Ngwete, yaani nafa ilhali nimeshika: fedha zilikuwa mkononi lakini chakula hakikupatikana sokoni.

Jina hilo laonyesha kwamba kupima mvua pekee hakutoshi. Ndiposa FEWS NET ilichanganya picha za setilaiti, takwimu za mvua, bei za nafaka na mifugo, na jinsi jamii zinavyojipatia riziki. Kutokana na hayo ilikadiria hali ya chakula hadi miezi minane mbele, katika takriban nchi 30.

Mkulima wa Mwingi au Kibwezi huenda hakuwahi kufungua tovuti hiyo. Hata hivyo, makadirio yake yalitumiwa na serikali na mashirika ya misaada kuamua ni wapi chakula kipelekwe, na lini.

Tovuti ilipozimwa, ripoti mpya zilikoma na kumbukumbu za miaka mingi hazikuweza kusomwa. Bila kumbukumbu, ni vigumu kubaini iwapo bei ya ndengu au mahindi imepanda kupita kiasi kwa msimu huo.

Kenya haikuachwa gizani kabisa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), iliyoanzishwa 2011 na kupewa sheria yake 2016, hutoa taarifa kila mwezi kuhusu kaunti 23 kame, zikiwemo Kitui na Makueni. Maafisa wake hukusanya vijijini bei za vyakula, umbali wa kuteka maji, na unene wa mikono ya watoto wa chini ya miaka mitano ili kutambua utapiamlo.

Tofauti ni kwamba taarifa hizo hueleza zaidi hali ilivyo sasa. Kazi ya kulinganisha mataifa jirani na kutazama misimu ijayo iliegemea sana mtandao wa kigeni.

FEWS NET ilianza kurejeshwa baadaye mwaka huo huo wa 2025, ingawa USAID yenyewe ilifikia kikomo Julai 1.

Ukame huja polepole, na tahadhari humpa mfugaji muda wa kuuza mbuzi kabla hawajakonda na bei kuporomoka. Tahadhari ikichelewa kwa miezi michache tu, muda huo hupotea.