Ule Utando Mweupe

Ukisimama bucha ukamwangalia jamaa akitengeneza nyama, utaona akitoa utando mweupe unaong'aa juu ya mnofu. Anauvuta, anaukata, anamrushia paka. Utando wa aina hiyo uko ndani yako pia, kutoka kichwani hadi kwenye nyayo. Unafunika misuli, unaiunganisha, unashikilia hata figo mahali pake. Jina lake ni fashia, neno la Kilatini lenye maana ya ukanda au bendeji.

Kwa miaka mingi, madaktari waliojifunza mwili kwa kupasua maiti waliufanyia vile vile kama jamaa wa bucha. Walitaka kuona misuli, mishipa na mifupa. Utando ulikuwa kama gazeti la kufungia nyama: unalitoa, unaendelea na kazi.

Leo kuna yoga ya fashia, na kozi za walimu wake. Mwaka jana niliingia darasa moja hapa Nairobi, la bure. Mwalimu alituambia tukae kwenye pozi moja dakika tano ili "tuvunje" fashia iliyoganda. Tulipomaliza, akatutajia bei ya kozi ya ualimu. Kwenye matatu nilicheka peke yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sasa naambiwa nilipe tena ndiyo nipate karatasi ya kuambia watu wainame. Nikataka kujua: nani aliamua hii kitu inahitaji karatasi?

Hadithi yenyewe inaanza na mtu ambaye hakuwa na karatasi yoyote. Pierre Bernard alizaliwa Iowa, Marekani, na alisema alipata yoga kwa mwalimu mmoja aliyekutana naye Nebraska. Mwaka wa 1910 alikamatwa New York kwa mashtaka yaliyohusu wasichana wawili, lakini kesi ikaanguka. Baadaye akahamia Nyack, kando ya mto Hudson, na matajiri wakamfuata huko.

Kati ya waliojifunza kwake alikuwa Ida Rolf. Huyu karatasi alikuwa nazo. Alizaliwa 1896, akapata shahada ya uzamifu ya kemia ya viumbe kutoka Columbia mwaka wa 1920, akafanya utafiti katika Taasisi ya Rockefeller. Lakini kilichompa jina hakikutoka maabara. Alianza kushughulikia miili ya watu kwa mazoezi ya yoga, kisha kwa mikono, kwa imani kwamba ule utando uliotupwa ndio unaoshikilia umbo la mtu. Mmoja wa watu wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa muziki aliyekuwa ameumia mkono. Malipo? Awafundishe watoto wa Ida muziki.

Katika miaka ya 1960 alifanya kazi Esalen, California, na watu wakaanza kumiminika. Mwaka wa 1971 taasisi yenye jina lake ikaanzishwa Boulder, Colorado, na mikono yake ikageuka mtaala. Alifariki 1979. Mmoja wa wanafunzi wake, Thomas Myers, alitoa kitabu Anatomy Trains mwaka wa 2001, kikichora mistari ya fashia inayopita mwili mzima. Mmoja unaanzia chini ya vidole vya mguu, unapanda kisigino, mgongo na kichwa, unaishia juu ya nyusi. Walimu wa yoga walikipenda sana, maana hatimaye mtu alikuwa amewachorea kile walichohisi wakiinama. Karibu na wakati huo, Paul Grilley alikuwa anaeneza yoga ya Yin, ambayo unakaa kwenye pozi dakika kadhaa ili kufikia tishu za ndani.

Na karatasi? Mwaka wa 1999 Yoga Alliance ilianzishwa Marekani. Si serikali, ni rejista tu, lakini viwango vyake vya saa 200 na saa 500 vilienea dunia nzima. Kusema ukweli, naelewa sababu. Nikikumbuka kesi ya Bernard, singependa dadangu aingie chumba chochote ambacho mwalimu hana wa kumuuliza swali. Na hapa kwetu, Africa Yoga Project, iliyoanza 2007, imewafungulia ualimu vijana wengi wa mitaa ambao hawangemudu kozi. Kwa hao karatasi imekuwa kazi.

Lakini mwaka wa 2008 watafiti, akiwemo Robert Schleip, walichapisha hesabu za nguvu inayohitajika kubadilisha umbo la fashia ngumu, kama ile ya chini ya wayo. Nguvu hiyo ilikuwa kubwa kuliko mwili wa kawaida unavyoweza kuvumilia. Yaani ile hadithi ya "kuvunja" utando kwa dakika tano haisimami. Schleip mwenyewe alikuwa amesomea mbinu ya Rolf na kuifundisha. Alikuwa ameshapendekeza kwamba nafuu watu wanayosikia inatokana zaidi na mishipa ya fahamu iliyojaa kwenye fashia. Nafuu ni ya kweli, bana. Ni maelezo yaliyokuwa na shida, na watu waliyarudia wakiwa na vyeti ukutani.

Shosho yangu hukanda watu. Mguu ukiteguka, mgongo ukikataa, wanamletea. Anatumia jeli ya kukamulia ng'ombe na vidole vyake, na hajawahi kusema anavunja chochote. Akigusa pahali pamevimba na pana joto, anaacha mara moja, anasema, "Hii ni ya hospitali." Akimaliza, kesho yake asubuhi anatuma mtoto aende aulize: umelalaje? Ukisema vibaya, anabadilisha.

Bado sijalipia ile kozi, ingawa naweka akiba. Nikifika hapo, nitamuuliza mwalimu amejuaje kwamba fashia inavunjika, na kama huwa anawauliza wanafunzi wake kesho yake walilalaje.