Msimamizi wa Shule za Quincy

Leo nataka tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana kwetu, ingawa kazi yake yamhusu kila mzazi aliyepata kumpeleka mtoto shuleni. Aliitwa Francis Wayland Parker. Kwa miaka mitano alikuwa msimamizi wa shule za mji mdogo wa Quincy, katika jimbo la Massachusetts, huko Marekani.

Parker alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la New Hampshire. Baba yake alifariki mapema, naye alipokuwa na umri wa miaka minane akawekwa kwa mkulima, akifanya kazi za shamba na kusoma majira ya baridi tu. Akiwa na miaka 16 tayari alikuwa mwalimu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 alijiunga na jeshi la Kaskazini. Mwaka 1864 risasi ilimjeruhi shingoni, lakini akapona, akamaliza vita akiwa luteni kanali. Tangu hapo watu walimwita Kanali Parker mpaka kufa kwake. Baada ya vita akarudi darasani, kisha, kwa urithi aliouachiwa na shangazi yake, akaenda Ujerumani mwaka 1872 kujifunza namna watoto wanavyofundishwa. Mtu wa miaka 35, mwenye cheo cha jeshi, akaketi tena kuwa mwanafunzi!

Sasa tuje Quincy. Mji huu ulijulikana kwa machimbo ya mawe, na kwa kuwa nyumbani kwa marais wawili, John Adams na mwanawe John Quincy Adams. Mwaka 1873 halmashauri ya shule, ambamo walikuwamo ndugu wawili wa ukoo huo huo, iliamua kufanya jambo lisilo la kawaida: wajumbe wenyewe watawapima wanafunzi, badala ya kuketi na kuwatazama walimu wakiwauliza maswali yaliyozoeleka.

Aibu iliyopatikana haikuwa ndogo. Watoto walizijua kanuni za sarufi kwa moyo, lakini wengi hawakuweza kuandika barua ya kawaida. Walisoma kwa ufasaha kurasa za kitabu chao cha darasani. Walipopewa kitabu wasichokijua, wakakwama. Ninyi mnaofundisha darasa la kipaimara mnaijua hali hii. Mtoto hujibu katekisimo bila kukosa neno, lakini ukiligeuza swali kidogo tu, anakutazama kimya.

Basi halmashauri ikatafuta msimamizi, na mwaka 1875 ikamwajiri Parker. Naona sifa yao kubwa ni kwamba walimpa nafasi ya kufanya kazi. Yeye alianza na walimu. Aliwakutanisha na kuwafundisha, akaingia madarasani, akashika chaki mwenyewe ili waone. Watoto wadogo wakaacha kuimba majina ya herufi siku nzima. Wakaanza na maneno na sentensi fupi za mambo wanayoyajua. Magazeti yakaletwa darasani ili yasomwe. Hesabu ikafundishwa kwa vitu vya kuhesabika mkononi, na jiografia kwa kufinyanga milima na mabonde. Fimbo ikapungua kazi.

Wageni wakamiminika kwa maelfu kuja kutazama. Lakini wapinzani nao hawakukosa. Walisema kwamba watoto wanachezacheza tu, na kwamba wakipimwa na mtu wa nje wataonekana wajinga. Hilo halikuwa neno dogo: kama wangekuwa na haki, watoto wa wachimba mawe ndio ambao wangelipa gharama yake. Mwaka 1879 serikali ya jimbo iliwapima wanafunzi wa wilaya nzima ya Norfolk, na katika kusoma, kuandika na tahajia watoto wa Quincy waliwapita wengi. Katika hesabu za kichwani hawakung'ara vile, na ni vema tuliseme na hilo.

Parker hakupenda kusikia habari za "njia ya Quincy". Alisema hakuna jipya alilobuni. Alitumia tu yale ambayo walimu wazuri waliyajua zamani. Mwaka 1880 aliondoka kwenda kusimamia shule za Boston, na mwaka 1883 akawa mkuu wa chuo cha walimu karibu na Chicago. Huko alipigana miaka mingi na wakubwa waliobana fedha za chuo, wala hakuwa mpole katika ugomvi huo. Desturi za kijeshi hazikumtoka.

Alifariki tarehe 2 Machi 1902, katika jimbo la Mississippi. Mwaka uliotangulia chuo chake kilikuwa kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Chicago, na kazi aliyoiacha hapo ikashikwa na John Dewey, ambaye watoto wake mwenyewe walikuwa wamesoma katika shule ya Parker.