Neno na Pumzi: Tiba ya Moyo Nchini Rwanda baada ya Mwaka 1994

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Ndani ya methali hii imo imani ya kale kuwa maumivu yakitamkwa huwa mepesi, na yakifichwa huzidi nguvu. Wanyarwanda nao wana methali inayofuata njia nyingine: machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Hii yafundisha kuwa mtu mzima huichukua huzuni yake moyoni bila ya kuitembeza mbele ya watu. Ipi katika methali hizi mbili ni ya kweli? Lingalikuwa swali la kujipumbazia barazani, lau Rwanda isingalipatwa na msiba ulioligeuza kuwa swali la uhai na mauti.

Msiba huo ulianza Aprili 7, 1994, ukaendelea kwa muda wa siku 100 hivi. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa waliouawa walikuwa watu 800,000. Serikali ya Rwanda husema kuwa walizidi milioni moja. Walio wengi sana walikuwa Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki katika dhuluma ile. Aghalabu silaha zilikuwa mapanga na marungu, na aliyezishika mara nyingi alikuwa jirani aliyemjua mhanga wake kwa jina. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Lakini ni mara chache katika historia ya walimwengu methali hiyo ilipotimia kwa ukatili wa namna ile. Makanisa na shule, mahali ambapo watu walikimbilia kwa kutumaini heshima ya mahali hapo, yaligeuka machinjio.

Hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, haikusalimika. Hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya maradhi ya akili nchini, nayo ilikuwa chini ya watawa wa Kikatoliki. Katika mwezi ule wa Aprili wagonjwa, pamoja na watu waliokimbilia humo kutafuta hifadhi, waliuawa ndani ya ua wake. Hivyo nchi iliingia katika haja yake kubwa kabisa ya tabibu wa roho wakati ilipokuwa haina hata kitanda cha kumlaza mgonjwa. Naasson Munyandamutsa, aliyesomea udaktari wa akili Uswisi, alirejea baada ya mauaji, na kwa muda alikuwa daktari pekee wa akili katika taifa zima.

Ukubwa wa jeraha ulianza kupimwa mwaka 1995. Watoto 3,030 waliulizwa habari za mambo yaliyowapata, na asilimia 90 miongoni mwao walijibu kuwa waliamini kwamba wangekufa. Hesabu hii yatosha kuonyesha udogo wa msaada uliokuwapo. Hata kama madaktari mia wangeletwa kwa siku moja, wasingaliweza kumsikiliza kila mtoto.

Msaada wa kwanza ulitoka nje, nao ulikuja na elimu yake. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameingiza katika kitabu chao cha maradhi jina jipya la taabu inayomwandama mtu aliyeona vitisho, baada ya kuitambua hasa kwa askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Tangu hapo ilienea rai kwamba aliyeona mabaya hana budi ayasimulie, na kwamba simulizi ndilo mlango wa kupona. Mwaka 1995 kituo cha taifa cha kutibu kiwewe kilifunguliwa Kigali kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, na watu wengi wakafunzwa kuwatambua na kuwafariji waliojeruhiwa moyo. Kazi hiyo ilistahili shukrani. Hata hivyo, wapinzani hawakukosekana. Mwaka 1999 Derek Summerfield, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika kuwa si haki kuichukulia huzuni ya watu walioharibiwa jamii yao yote kana kwamba ni ugonjwa ulio katika kichwa cha mtu mmoja mmoja.

Wanyarwanda wenyewe walikuwa na jina lao kwa taabu hiyo. Neno ihahamuka lilienea baada ya mauaji kwa maana ya hali inayomshika mtu ghafula: kifua hubana, pumzi hukatika, moyo hupiga mbio, na mateso yaliyopita husimama mbele ya macho kana kwamba ni ya leo. Watafiti wamelifasiri neno hilo kuwa ni kukosa mapafu. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kukumbuka kitenzi chake mwenyewe, kuhaha, ambacho nacho hutaja pumzi na wasiwasi kwa pamoja. Jina la kitabuni lilianza na kumbukumbu. Jina la wananchi lilianza na pumzi. Tofauti hii si ndogo, kwa maana mtu anayekosa pumzi hawezi kwanza kuambiwa aseme. Hana budi kwanza apate mahali pa kupumua.

Mahali hapo palianza kujengwa na waliosalimika wenyewe. Januari 1995 wajane wa mauaji waliunda chama chao, AVEGA. Wengi wao walikuwa wamenajisiwa, na baadhi yao wameambukizwa virusi vya Ukimwi. Walikutana wakiwa watu ambao hawakuhitaji kuelezana kilichowafikisha pale. Mwaka 1996 wanafunzi 12 wa chuo kikuu cha Butare walianzisha chama cha wanafunzi waliosalimika, AERG. Humo vijana walijigawa katika jamaa. Kila jamaa ilimchagua baba na mama kutoka miongoni mwa wanafunzi, na wengine wakawa watoto wao. Baba huyo huenda alikuwa hajamaliza masomo yake, wala hamzidi mwanawe umri kwa mwaka mmoja. Lakini ndiye aliyeuliza kama mtoto amekula, na kwa nini hakuonekana darasani. Hapakuwa na tabibu katika jambo hili. Palikuwa na watu waliotambua kuwa muuaji alikusudia kukata ukoo, nao wakaufunga tena kwa kamba waliyoweza kuipata.

Kisha lilikuja jaribio kubwa la neno. Magereza yalijaa watuhumiwa zaidi ya 120,000, na mahakama za kawaida zisingaliweza kuwahukumu katika uhai wao. Serikali iliamua kuifufua gacaca, baraza la kale la wazee lililosuluhisha magomvi ya majirani, na kuipa sura ya mahakama. Mabaraza hayo yalianza kwa majaribio mwaka 2002, yakaenea nchi nzima mwaka 2005, na yalipofungwa Juni 2012 yalikuwa yameamua kesi zipatazo milioni 1.9. Ilitumainiwa kuwa kweli ikisemwa hadharani itatenda haki na pia itaponya. Kwa upande wa haki, yapo mengi ya kuyasifu na mengi ya kuyajadili. Watu wengi walijua kwa mara ya kwanza mifupa ya wapenzi wao ilipozikwa, na hilo si jambo dogo. Kwa upande wa uponyaji matokeo yalikuwa mengine. Karen Brounéus, mtafiti wa Sweden, alichunguza Wanyarwanda 1,200, na mwaka 2010 alitangaza kuwa waliotoa ushahidi katika gacaca walikuwa na huzuni na kiwewe zaidi kuliko wasioutoa. Shahidi alisema mbele ya aliyemdhuru na jamaa zake, kisha jioni akarudi nyumbani kwa njia ileile waliyopita wao.

Mwaka uleule wa 2005, huko Byumba, kaskazini mwa nchi, jaribio dogo lilianzishwa chini ya dayosisi ya Kianglikana. Liliitwa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Watu 10 hadi 15 wa mtaa mmoja, wajane na wake za wafungwa, waliosalimika na waliotoka gerezani, walikutana mara moja kwa wiki katika wiki 15. Kiongozi wao hakuwa daktari, bali mwananchi aliyefunzwa. Hatua zilipangwa hivi: usalama, kuaminiana, kutunzana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu mwisho. Mpango huu wastahili kutazamwa vizuri. Kumbukumbu, ambayo wageni wa kwanza waliiweka mlangoni na gacaca ikaiweka katikati ya uwanja, hapa iliwekwa chumba cha ndani kabisa, ambacho mtu hukifikia baada ya kupita vyumba vingine.

Fikira kama hiyo ilipata nguvu ulimwenguni mwaka 2007, mashirika ya misaada yalipoafikiana juu ya mwongozo wa kutunza afya ya akili katika maafa. Mwongozo huo wafanana na piramidi: chini kabisa ni usalama na mahitaji ya maisha, juu yake ni jamaa na jamii, kisha msaada wa watu waliofunzwa, na kileleni tabibu mwenyewe.

Isidhaniwe kwa hayo kwamba tabibu hana kazi, au kwamba ujirani huponya kila kitu. Uchunguzi wa Munyandamutsa na wenzake, uliotangazwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa miaka 14 baada ya mauaji, mtu mmoja katika kila wanne hivi alikuwa angali na dalili za kiwewe. Kila Aprili, maombolezo yafikapo, wako wanaoshikwa na ihahamuka uwanjani, wakaanguka wakilia, na wengine wakachukuliwa mikononi mpaka mahali pa utulivu. Piramidi isiyo na kilele haijakamilika. Bali kilele hakisimami hewani.

Basi methali mbili zilizoanza kwa kupingana zaweza kupatanishwa. Ni kweli kwamba mficha maradhi huumbuliwa. Lakini yule Mnyarwanda aliyeyaacha machozi yake yatiririke ndani hakuwa mjinga. Huenda alitazama huku na huku asimwone mtu wa kumlilia ambaye hakumwogopa. Makosa yake si kunyamaza, na dawa yake si kulazimishwa kusema. Mpeni kwanza mahali pa kuketi na jirani asiyemtisha. Pumzi ikirudi, neno litakuja lenyewe kwa wakati wake.