MGA: Kufufua Gari la Wazi Kuanzia Chesisi

MGA ni gari dogo la spoti lililotengenezwa na kampuni ya MG mjini Abingdon, Uingereza, kati ya 1955 na 1962. Yalitoka zaidi ya 100,000, na mengi yaliuzwa nje, hasa Marekani. Makala hii inahusu toleo la wazi, lenye paa la turubai.

Bodi ya MGA imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, hivyo fundi anaweza kuvitenganisha na kuanza na chuma kitupu. MGB iliyoifuata mwaka 1962 haina chesisi ya pekee. Chesisi ya MGA ni kazi ya mhandisi Syd Enever. Gari la MG alilolitengeneza kwa mashindano ya Le Mans ya 1951 lilimkalisha dereva juu mno, kwenye upepo. Enever akaitanua mihimili ili viti vishuke katikati yake.

Ufufuaji hufaulu au huharibika mlangoni. Gari la wazi halina paa la kushikilia nguzo za milango, kwa hiyo nguvu ya bodi yake iko chini, kwenye kingo za bodi chini ya milango, na ndizo zinazowahi kuoza. Bodi ikinyanyuliwa kabla ya kufungwa vyuma vya muda kati ya nguzo, hujikunja, na mlango haukai tena mahali pake. Kingo mpya zisichomelewe mpaka bodi imerudishwa kwenye chesisi iliyokwisha kunyooshwa, milango imening'inizwa na nafasi zake zimekuwa sawa juu hadi chini. Anayeanza kuchomelea bodi ikiwa sakafuni anajitafutia kazi ya kukata upya.

Kutu ya chesisi itafutwe nyuma ya viti, zilipo betri mbili za volti 6: tindikali iliyomwagika miaka mingi hula vishikizo vyake. Sakafu ni ya plaiwudi. Mbao hunyonya maji na kuyalaza juu ya vyuma vinavyoibeba. Hapo puti haisaidii kitu, chuma kibovu kikatwe.

Boneti, buti na milango vimevikwa alumini, hivyo visigongwe kwa nguvu ya kugongea chuma. Mlango hauna kishikio cha nje: mtu huingiza mkono ndani na kuvuta kamba.

Injini haisumbui sana. Ile ya kawaida, ya sentimita za ujazo 1,489 kisha 1,588 na 1,622, yenye kabureta mbili za SU, ni ya ukoo uliotumika pia kwenye magari ya Austin na Morris, na vipuri vyake vinapatikana.

Kumbukumbu za kiwanda, pamoja na rangi ya asili ya kila gari, zimehifadhiwa British Motor Museum, Gaydon. Mwenye gari aombe cheti chake huko kabla ya kununua rangi.